Video Iwe Hiari, Siyo Lazima

Ndugu zetu wa kambi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusomaga humu, tusikilizeni kidogo.

Juzi tulishuka Kampala na flashi moja ya 16 GB, tukaingia Kikuubo. Mnapajua: uchochoro ule wa maduka ya jumla, wabeba mizigo wana katoni za sabuni kichwani, ukisimama tu unasukumwa. Juu ya stoo ya sukari kuna kijana anajazia watu sinema na gemu. Tulitaka gemu ya magari ya watoto wa kituo. Akatuuliza: "Na video niweke?"

Swali hilo ndilo limetufanya tuandike. Faili la kuinstoli lilikuwa limegawanywa vipande, na vya video vimekaa pembeni. Unatia tiki, ama unaacha. Bila video 11 GB, na video 19 GB. Flashi yetu ikajibu yenyewe! Tena video hazibanwi zaidi ya pale, juu mtengenezaji ameshazibana. Ukitaka kupunguza uzito ni kuzishusha ubora au kuzitoa kabisa. (Wengine mtasema gemu za vichochoroni ni za wizi. Nyingi ni za wizi kweli, hatutetei hilo. Lakini hata Shadow of War ya mwaka 2017, ukiinunua halali, sinema zake za 4K ni nyongeza ya pembeni.)

Hiari maana yake kuulizwa. Siku nyingine, duka lingine, walizitoa kimya kimya. Watoto wakakaa mbele ya skrini nyeusi, wakatuuliza kwa nini yule mtu ana hasira. Hatukuwa na jibu, hadithi yote ilikuwa kwenye video.

Sasa tuje kwenu wa mashirika. Mwaka huu tumeletewa kozi ya kompyuta ya kusomea kwenye simu. Somo la kwanza ni mkubwa fulani anatusalimia, dakika sita, picha safi kabisa. Huwezi kuiruka. Somo lenyewe ni kurasa tatu za maandishi! Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitutoza shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp na wenzake. Julai 2021 ikaja 12% juu ya bando lenyewe. Kwa hiyo salamu za bosi wenu tunazilipia kodi. Wenzetu watano waliacha kozi hapo hapo kwenye salamu, na kwenye ripoti wameandikwa "hawana moyo wa kusoma".

Kijana wa Kikuubo hana hata meza, na anajua kuuliza. Ninyi muwekeni maandishi peke yake, video peke yake, na uzito wa kila kimoja uandikwe pembeni. Au zileteni kituoni kwa mkono. Flashi yetu bado ina nafasi, kama 3 GB hivi.