Mechi ikihamishwa, deni abebe nani?

JUNI 2, 2024 Yanga ilibeba Kombe la Shirikisho kwa penalti 6-5 mbele ya Azam FC, baada ya dakika 120 kumalizika bila bao. Wanajangwani wakacheza ngoma hadi usiku, Azam wakarudi Chamazi na machungu yao, na vijiwe vyote vikabaki na mada moja tu: nani alikosa penalti na nani alipata.

Kuna mji mmoja ulikuwa na kilio chake na hakuna aliyeuliza. Babati. Fainali ile ilishatangazwa kwamba ingepigwa Tanzanite Kwaraa, mkoani Manyara. Baadaye ikahamishiwa New Amaan Complex, Unguja.

Msimu uliofuata Babati ikapewa nusu fainali. Mei 31, 2025, Singida Black Stars ikaichapa Simba 3-1 pale pale Kwaraa. Ukasema haya, angalau wamepozwa. Lakini fainali yenyewe, Juni 29, ikavuka maji tena. Yanga 2, Singida Black Stars 0, New Amaan.

Sina ugomvi na Zanzibar. Uwanja ule ni mzuri na mashabiki wa kule wana haki ya kuona makombe kama sisi wengine. Ugomvi wangu ni na namna tunavyochukulia suala la kuhamisha mechi kubwa, kana kwamba unahamisha kiti kutoka sebuleni kwenda barazani. Mechi ya kutafuta bingwa wa nchi ukiitangaza kwa mji fulani, umeahidi. Ukiihamisha, hata kama una sababu, umebaki na deni. Na hadi leo anayelilipa ni shabiki wa mji ulionyang'anywa.

KOMBE LILILOTEMBEA

Tukumbushane kwanza kwa nini fainali hii ina uzito mikoani. Ligi Kuu ina miji yake, na usipokuwa na timu huko, Simba na Yanga utawaona kwenye televisheni ya kibanda umiza. Kombe la Shirikisho lilikuja na utamaduni mwingine. Mwaka 2017 fainali ilikuwa Jamhuri, Dodoma, Simba ikaifunga Mbao FC 2-1. Mwaka 2018 ikaenda Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mtibwa Sugar ikaitoa jasho Singida United na kushinda 3-2. Mwaka 2019 ikashuka Ilulu, Lindi, Azam ikaifunga Lipuli 1-0.

Ikapanda hadi Sumbawanga mwaka 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Simba 2 Namungo 1. Mwaka 2021 Kigoma wakapata dabi nzima nzima: Simba na Yanga Lake Tanganyika, bao la Taddeo Lwanga likaamua. Arusha ikapata tena mwaka 2022, ile 3-3 ya Yanga na Coastal Union iliyokwenda penalti. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Mkwakwani, Tanga, Yanga ikaifunga Azam 1-0.

Angalia orodha hiyo vizuri. Lindi, Sumbawanga, Kigoma. Hakuna aliyesema viwanja vyao ni vidogo mno, au hoteli ni chache, au ni mbali. Mechi zikapigwa, bingwa akapatikana, watu wakarudi makwao. Mama lishe akauza, bodaboda akapata wateja, mwenye gesti akajaza vyumba. Mtoto wa Sumbawanga akaona kwa macho yake mchezaji aliyekuwa anamsikia redioni.

Bukoba haimo katika orodha hiyo. Na hapa ndipo Kagera inapoingia.

KAGERA INAJUA UHAMISHONI

Ukitaka kujua mechi iliyohamishwa ina maana gani, usiulize Dar es Salaam. Muulize shabiki wa Kagera Sugar anayeishi Ijumbi, kule Muleba.

Kaitaba ilipofungwa kwa ajili ya kuwekewa nyasi bandia, Wanankurukumbi waligeuka wapangaji. Msimu wa 2014/15 mechi za "nyumbani" zilikuwa CCM Kirumba, Mwanza, kisha Kambarage, Shinyanga. Msimu wa 2015/16 wakapelekwa hadi Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Sasa piga hesabu ya mtu wa Ijumbi. Kwenda Kaitaba anatoka asubuhi, anaangalia mpira, jioni yuko kwake anakula matoke. Kwenda Tabora anavuka Biharamulo, Kahama, Nzega. Ni safari ya siku nzima kwa ajili ya dakika 90, alale huko, na siku nyingine nzima kurudi. Nani mwenye nauli hiyo kila baada ya wiki mbili? Nani atamwachia shamba na mifugo?

Kwa hiyo timu ikacheza nyumbani bila watu wa nyumbani. Msimu ule wa 2015/16 Kagera Sugar ilihangaika mkiani hadi mwishoni, ikaponea chupuchupu. Msimu wa 2016/17 ikarudi Kaitaba. Ilimaliza nafasi ya ngapi? Ya tatu. Mbele ya Azam FC yenye fedha zake.

Najua utasema ni Mecky Maxime, kocha mzuri, na kweli alifanya kazi kubwa. Najua pia Kaitaba haikuwa na uchawi, maana msimu huo huo Yanga ilikuja Bukoba ikashinda 6-2. Lakini Aprili 2, 2017 Simba iliyokuwa inautafuta ubingwa ilikufa 2-1 pale pale, na mwisho wa msimu ikalikosa kombe kwa tofauti ya mabao tu. Uwanja wa nyumbani haufungi mabao. Unachofanya ni kumfanya beki wako akimbie dakika ya 88 kwa sababu jirani yake anamwita kwa jina.

Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Mkoa wetu ukabaki bila timu Ligi Kuu. Ndiyo maana suala la fainali za viwanja huru si la Babati peke yake. Kwa mkoa usio na timu ya juu, mechi kama hiyo ndiyo dirisha pekee lililobaki. Likifungwa hata hilo, kijana wa Muleba atabaki na simu yake tu.

SABABU ZIPO, TUSIDANGANYANE

Tuwe wa kweli. Kuna wakati mechi lazima ihame. Uwanja ukiharibika, mchezaji anavunjika mguu. Jukwaa likiwa bovu, watu wanakufa. Hapo hakuna mjadala.

Simba waliyaonja haya mwaka 2025. Walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, wakafungwa 2-0 ugenini Mei 17. Marudiano waliyataka Benjamin Mkapa, kwenye mashabiki 60,000. CAF wakasema hapana, eneo la kuchezea halifai, nendeni New Amaan, uwanja unaobeba takriban watu 15,000. Kelele zikapigwa, barua zikaandikwa, wakubwa wakaingilia, CAF hawakutikisika. Mei 25 Joshua Mutale akafunga mapema, watu wakaanza kuamini, lakini Simba wakabaki pungufu kipindi cha pili na Berkane wakasawazisha dakika za mwisho. 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1.

Je, Simba wangebeba kombe kwa Mkapa? Hakuna ajuaye, na anayekuapia anakudanganya. Ila tuliona nchi nzima ikilalamika kwamba kuhamishwa ni kuonewa. Waliolalamika ni walewale ambao mwaka mmoja nyuma hawakusema neno Babati iliponyang'anywa fainali. Machungu ya kuhamishwa ni yaleyale. Tofauti ni kwamba Simba wana sauti, Babati hawana.

Na kuna somo jingine. CAF walikuwa na sababu inayoonekana kwa macho: nyasi. Unaweza kuipinga, lakini unajua unapinga nini. Uamuzi wa kuhamisha ukija bila ripoti mkononi, shabiki anajaza mwenyewe. Atasema ni fedha, atasema ni siasa, atasema fulani anabebwa. Huwezi kumlaumu kwa kubuni wakati wewe umekaa kimya.

KLABU NAZO ZIJITAZAME

Tusiwasukumie TFF na Bodi ya Ligi mzigo wote. Klabu zetu zimekuwa wepesi mno kuhamisha mechi zao zenyewe. KMC ni timu ya Kinondoni, lakini Oktoba 2021 iliikaribisha Yanga Majimaji, Songea, ikafungwa 2-0. Desemba ikaikaribisha Simba kule Tabora, ikala 4-1. Februari 2024 ikaikaribisha Yanga Jamhuri, Morogoro, ikapigwa 3-0. Mechi tatu za "nyumbani", pointi sifuri.

Naelewa hesabu yao. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji, na mkoani Simba na Yanga wanajaza. Lakini kila mechi unayoiuza hivyo unauza na faida ya kiushindani, na timu nyingine zinazopigania kushuka daraja zina haki ya kuuliza: kwa nini mimi nilikutana na Yanga ugenini na nyumbani, mwingine amekutana nayo ugenini mara mbili?

Mfano mchungu zaidi ni Ihefu. Pale Highland Estates, Mbarali, uwanja wa mashambani kabisa, ndipo Yanga ilipokatwa rekodi ya mechi 49 bila kupoteza, Novemba 29, 2022, kwa 2-1. Oktoba 2023 Yanga ikarudi, ikachapwa 2-1 tena. Hiyo ndiyo nguvu ya nyumbani. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, ikabadili jina na kuitwa Singida Black Stars. Leo inacheza fainali, na hongera yao. Ila watu wa Mbarali walioziimba zile 2-1 mbili, wao wamebaki na nini?

ISTANBUL WALILIPWA

Wenzetu Ulaya nao wanahamisha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2020 ilikuwa ya Istanbul. Corona ikaipeleka Lisbon. Wakaambiwa watapata ya 2021; corona tena, ikaenda Porto. Mara mbili mfululizo! Lakini UEFA hawakusema bahati mbaya, tusonge. Fainali ya 2023 ikapigwa Istanbul, Manchester City ikaifunga Inter 1-0. Deni likalipwa.

Hapo ndipo TFF inapaswa kuanzia. Haihitaji fedha nyingi, inahitaji kanuni zilizoandikwa zikajulikana kwa kila mtu.

Kwanza, mji wa fainali utangazwe kabla ya robo fainali, na pamoja nao uwanja wa akiba ulio ukanda huohuo. Fainali ya Bukoba ikishindikana, iende Mwanza au Shinyanga, si ng'ambo ya nchi. Aliyepanga safari abaki na uwezo wa kuifika.

Pili, uwanja ukaguliwe mapema na siku ya mwisho ya kuhamisha iwekwe, tuseme siku 30 kabla ya mechi. Baada ya hapo mechi ihame kwa sababu ya usalama tu, na ripoti ya mkaguzi itolewe hadharani.

Tatu, mji ulionyang'anywa uwe wa kwanza kwenye foleni ya fainali inayofuata, ukisharekebisha kasoro iliyotajwa. Fainali, si nusu fainali ya kupoozea. Kwa hesabu hiyo Babati inadai hadi leo.

Nne, klabu zisiruhusiwe kuchagua uwanja mwingine pale tu zinapokuja Simba na Yanga. Kama uwanja wako unafaa kwa Mashujaa na Namungo, unafaa kwa wote.

Na sisi Kagera tusikae kitako tukingoja huruma. Kaitaba iliwekewa nyasi bandia kwa sababu mvua za Bukoba zinaujua udongo wetu, lakini nyasi hizo zina umri sasa, na zulia la aina hiyo halidumu milele. Halmashauri, chama cha soka cha mkoa, wafanyabiashara wa kahawa na Wahaya walioko Dar wenye uwezo wao, hii ni kazi yenu. Zulia likiwa bovu, siku tutakayopewa fainali tutanyang'anywa kwa haki kabisa, na hapo hatutakuwa na wa kumdai.

Ila tukilitengeneza, tutaomba. Na tukipewa, tutaomba kitu kimoja zaidi: mkisema Kaitaba, iwe Kaitaba.