Amri Mbili, Askari Mmoja

Hakuna mzigo unaomlemea askari kama kupokea amri mbili zinazopingana, kila moja ikitoka kwa mwenye mamlaka. Sisi tunaolinda mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara hadi Rumonge, hatuna budi kujifunza kwa yaliyowafika wenzetu wa Kenya.

Mwezi Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, jani la kutafunwa la jamii ya miraa, ambalo hulimwa sana Embu. Kilifi ikafuata. Hoja yao ilikuwa kwamba jani hilo linawaangamiza vijana. Siku chache baadaye Rais William Ruto alitangaza kuwa marufuku hiyo ni batili, kwa sababu Kanuni za Miraa za 2023 zinaitambua muguka kuwa zao halali. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha marufuku.

Kila upande ulikuwa na andiko la kushika. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa dawa za kulevya, na sera ya kilimo imebaki kwa serikali kuu. Hata Marekani, ambako majimbo mengi yameruhusu bangi iliyokatazwa na sheria ya shirikisho ya 1970, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1997, katika shauri la silaha, kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo kutekeleza mpango wake.

Ni dhahiri, basi, kwamba serikali kuu ina mipaka, na serikali ya chini ina yake. Mipaka hiyo haiwekwi kwa tangazo la gavana wala la rais; huwekwa na katiba, na mahakama ndiyo inayoifasiri. Kabla ya hapo, anayeteseka ni polisi aliyesimama kizuizini, lori la muguka likiwa mbele yake.

Burundi si shirikisho. Sheria yetu ya jinai ni moja, na kiongozi wa komine hawezi kuhalalisha bangi wala kubuni kosa jipya. Kwa hiyo, mtumbwi wenye bangi ukikamatwa Magara, jina la mkubwa yeyote lisiufungue. Vilevile, mvuvi asinyang'anywe mali yake kwa agizo la mdomo lisilo na kifungu.

Ndugu askari, tuulize kwanza: sheria ipi? Kuuliza hivyo si uasi. Ndiyo nidhamu yenyewe.