Luis Enrique: kocha aliyeondokewa na nyota akabakiwa na timu

Usiku wa tarehe 31 Mei 2025, mjini Munich, Paris Saint-Germain iliichapa Inter Milan mabao 5-0 na kutwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza. Haikuwahi kutokea fainali ya mashindano hayo kuamuliwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Klabu hiyo, tangu ilipoingia mikononi mwa wawekezaji wa Qatar mwaka 2011, iliwakusanya Zlatan Ibrahimović, Neymar, Lionel Messi na Kylian Mbappé, na kombe likaendelea kuipiga chenga. Ilikuja kulipata mwaka mmoja tu baada ya Mbappé, wa mwisho miongoni mwao, kufungasha virago. Anayetajwa kuwa chanzo cha mageuzi hayo ni Mhispania Luis Enrique Martínez, mtu ambaye hajawahi kuwa mwepesi wa kupendwa.

Alizaliwa Gijón, mji wa bandari kaskazini mwa Uhispania, tarehe 8 Mei 1970. Akiwa kijana alichezea Sporting ya mjini kwao, akasajiliwa na Real Madrid mwaka 1991, na miaka mitano baadaye, mkataba ulipomalizika, akavuka kwenda kwa mahasimu wao wakuu, Barcelona. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliofunga Real ilipoilaza Barcelona 5-0. Nchini Uhispania hatua ya namna hiyo haisahauliki. Madrid walimzomea hadi alipostaafu, naye hakuonekana kujali. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuuona uso wake katika Kombe la Dunia la 1994, ukitiririka damu baada ya Mauro Tassotti wa Italia kumvunja pua kwa kiwiko. Mwamuzi hakuona kitu na Uhispania ikatolewa. Tassotti alifungiwa mechi nane, wakati hukumu hiyo haikuwa na faida tena kwa aliyeumizwa.

Alitundika daluga mwaka 2004 akageukia mateso ya hiari: mbio za marathoni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kisha mwaka 2008 mbio za siku kadhaa katika jangwa la Sahara nchini Morocco. Wanaomfahamu husema humo ndimo tabia yake ilimo. Anaamini mwili unaweza kuongezewa mzigo kila siku, na anatarajia wachezaji wake waamini hivyo hivyo.

Ukocha haukumpokea kwa maua. Baada ya kikosi cha pili cha Barcelona alikwenda Roma mwaka 2011 na kudumu msimu mmoja, akiiacha timu katika nafasi ya saba. Celta Vigo ilimrejeshea heshima, na mwaka 2014 Barcelona ikamkabidhi kikosi cha kwanza. Januari 2015 aliwaweka benchi Messi na Neymar dhidi ya Real Sociedad, akafungwa 1-0, na kibarua chake kikakaribia kuota nyasi. Alinusurika kwa kulegeza kamba. Messi, Luis Suárez na Neymar wakafunga mabao 122 msimu huo, Barcelona ikanyakua mataji matatu, ya ligi, kombe la mfalme na Ulaya. Wakosoaji walisema timu ilijiendesha yenyewe. Hawakuwa wamekosea kabisa: Barcelona ile ilitegemea vipaji vya watatu kuliko mpango wa kocha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba aliyeiongoza Barcelona kuidhalilisha PSG 6-1 mwezi Machi 2017, baada ya kufungwa 4-0 mjini Paris, ndiye huyu huyu.

Alianza kuinoa timu ya taifa mwaka 2018, kisha akajiuzulu Juni 2019 bila kueleza sababu. Tarehe 29 Agosti aliutangazia umma kwamba bintiye Xana, mwenye umri wa miaka tisa, amefariki dunia kwa saratani ya mifupa. Alirejea kazini Novemba mwaka huo, akaachana kwa maneno makali na Robert Moreno, msaidizi wake aliyekuwa amekaimu nafasi, akimwita msaliti. Baadaye alisema kwamba yeye hujiona mwenye bahati, kwa kuwa alipata miaka tisa pamoja na mtoto huyo. Munich, mashabiki wa PSG walitandaza jukwaani picha kubwa ya baba na binti wakisimika bendera ya klabu uwanjani, kama Xana alivyofanya kwa bendera ya Barcelona mjini Berlin mwaka 2015.

Uhispania yake ilifika nusu fainali ya Euro 2020 na kutolewa na Italia kwa penalti. Nchini Qatar, Desemba 2022, Morocco iliwatoa pia kwa penalti; Wahispania walipiga tatu na zote hazikuingia, ilhali kocha aliwahi kuwaagiza wachezaji wapige penalti elfu moja mazoezini. Iliyowazika ilikuwa ya Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid, aliyeudokoa mpira taratibu katikati ya lango. Hakimi ndiye aliyefunga bao la kwanza Munich, safari hii akiwa chini ya kocha huyo.

Alipofika Paris mwaka 2023 alimkuta Mbappé. Filamu ya maandishi inayomhusu inamwonyesha akimweleza mshambuliaji huyo kwamba kiongozi wa kweli ndiye wa kwanza kukimbiza mpira unapopotea. Mbappé alipoondoka, kocha hakuomboleza; alisema sasa ataweza kudhibiti kila kitu. Oktoba 2024 alimwacha Ousmane Dembélé nyumbani kwa sababu za nidhamu PSG ilipokwenda kuivaa Arsenal. Walifungwa 2-0, na hadi Januari walikuwa katika hatari ya kutolewa mapema, wakiwa nyuma 2-0 dhidi ya Manchester City kabla ya kushinda 4-2. Kisha Liverpool, Aston Villa na Arsenal hiyo hiyo zikaondolewa njiani. Dembélé aliyeadhibiwa ndiye aliyekuwa akimkabili kipa wa Inter kama mwindaji kila mpira uliporudishwa nyuma.

Hata hivyo, si haki kuisimulia hadithi hii kana kwamba maskini wamewashinda matajiri. Désiré Doué, kijana wa miaka 19 aliyefunga mawili katika fainali, alinunuliwa kwa takriban euro milioni 50. Kilichobadilika ni namna fedha za Doha zinavyotumika.

Fedha za Paris hazitoki Doha peke yake. Tangu 2019 PSG ina mkataba wa kuitangaza Rwanda kiutalii. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia PSG, Arsenal na Bayern Munich akizitaka zivunje mikataba yao na Kigali, ambayo inakanusha kuwasaidia waasi hao. PSG ilijibu kwa vitendo: ikauongeza mkataba wake hadi 2028. Kocha hana sauti katika mambo hayo, lakini shabiki wa Goma na wa Kigali walioitazama fainali ile ile hawakuwa na moyo mmoja.

Wiki sita baada ya Munich, katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani, Chelsea iliifunga PSG 3-0. Baada ya filimbi ya mwisho Luis Enrique alionekana akimsukuma mshambuliaji wa Chelsea, João Pedro, usoni, kisha akadai alikuwa akiamulia ugomvi. Mkataba wake, aliouongeza Februari, unamweka Paris hadi 2027.