Je, Maandamano Huwashinda Wala Riba?

 

Kila zinapotufikia habari kwamba watu wa nchi fulani wamemiminika njiani kuyalalamikia mabenki, vijana wetu huleta swali moja. Je, kelele zile zaleta faida yoyote? Tajiri aliye juu ya jumba la ghorofa arobaini aweza kutishwa na mtu aliyeshika kibao chini ya dirisha lake? Wapo wanaojibu upesi kwamba hawezi, kwani kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Na wapo wanaojibu upesi vile vile kwamba umma ukisimama hakuna wa kuuzuia. Sisi twaona majibu yote mawili yana haraka, na haraka haina baraka.

Tuweke jambo moja wazi kwanza. Masheikh wamehitilafiana kuhusu hukumu ya maandamano katika sheria, na safu hii si mahali pa fatwa. Tunalolitazama leo ni natija tu: je, mdhulumiwa hurudishiwa haki yake kwa njia hiyo, au harudishiwi? Na ili tusiseme kwa kubahatisha, tutatazama mambo yaliyotokea baada ya msiba wa fedha wa mwaka 2008, katika miji miwili: New York na Reykjavík.

Asili ya msiba ule yajulikana. Mabenki ya Marekani yaliwakopesha watu fedha za kununulia nyumba bila kuangalia kama wataweza kulipa. Kisha yakayauza madeni yale kwa wengine, na hao wakayauza tena, hata mwisho hapakuwa na aliyejua deni lipi liko kwa nani. Bei za nyumba zilipoanguka, jengo lote liliporomoka. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na mwezi uliofuata Bunge la Marekani likaruhusu hadi dola bilioni 700 zitumike kuyanusuru mabenki. Lakini mamilioni ya watu walioshindwa kulipa walitolewa katika nyumba zao. Mwenye benki alipewa muhula, na mwenye watoto akatolewa nje na vyombo vyake. Mwenye kuyajua hayo hatashangaa kwamba watu walikasirika.

Hasira hiyo ilitoka njiani tarehe 17 Septemba 2011. Watu walikwenda Wall Street, mtaa wa New York ambao jina lake limekuwa ndilo jina la biashara nzima ya fedha. Walipozuiwa katika uwanja walioukusudia, waliingia katika bustani ndogo iitwayo Zuccotti, wakapiga kambi. Walikuwa na jiko lao na maktaba yao. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kutumia vipaza sauti, msemaji alitamka maneno machache, na umati ukayarudia kwa pamoja ili walio nyuma wasikie. Walisema kwamba wao ni wale tisini na tisa katika kila mia, na kwamba mmoja aliyebaki ndiye aliyetwaa mali yote. Neno hilo lilienea duniani. Tarehe 1 Oktoba watu zaidi ya 700 walikamatwa katika daraja la Brooklyn. Tarehe 15 Oktoba miji mamia ya dunia ilifanya mfano wao. Huko London watu walipozuiwa kulifikia Soko la Hisa, walipiga mahema mbele ya kanisa kuu la St Paul's wakakaa hata Februari 2012. Lakini New York, usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba, polisi waliivunja kambi. Haikutimiza hata miezi miwili.

Sasa tuulize: mabenki yalipungukiwa na nini? Tukisema kweli, kwa siku zile yalipungukiwa na kidogo mno. Na sababu zake zaonekana.

Kwanza, waandamanaji hawakutaka kutaja dai maalumu. Wengi wao waliona kuwa kumpelekea mtawala orodha ya madai ni kukubali utawala wake. Huenda fikira hiyo ina utukufu wake, lakini mtu asiyesema anachodai hawezi kulipwa. Pili, walipiga kelele mahali ambapo ufunguo haupo. Mabenki mengi makubwa yalikuwa yamekwisha kuhama mtaa ule zamani, na sheria za kuyatia adabu zilikuwa zikiandikwa Washington. Tatu, kambi yenyewe iligeuka kuwa ndiyo shughuli. Siku zilipita katika kulinda mahema, kutafuta chakula, kukabiliana na baridi na polisi, na kusuluhisha magomvi na majirani waliochoshwa na ngoma. Aliyetoka nyumbani kwenda kudai haki ya mwenye deni alijikuta anadai haki ya kulala bustanini.

Lakini tusiwadhulumu. Palepale pembezoni mwa kelele ile yalitendeka mambo matatu ambayo hayakupigiwa zumari nyingi, nayo ndiyo yaliyozaa.

La kwanza ni la dola tano. Mwishoni mwa Septemba 2011 Bank of America ilitangaza kuwa itawatoza wateja wake dola tano kila mwezi kwa kutumia kadi zao za malipo. Watu zaidi ya 300,000 walitia majina yao katika ombi la kuipinga ada hiyo, na wengine wakaanza kuhamisha akiba zao kuzipeleka katika vyama vya akiba na mikopo. Tarehe 1 Novemba benki iliifuta ada kabla haijaanza kuitoza. Tazama: dai lilikuwa moja, mdaiwa alijulikana kwa jina, na mdai alishika mkononi kitu ambacho benki yakiogopa, nacho ni amana yake mwenyewe.

La pili ni la kalamu. Wachache miongoni mwa watu wa maandamano, wenye kuijua kazi ya fedha, walikaa chini wakaisoma kanuni iliyokusudiwa kuyazuia mabenki yasifanye biashara ya kubahatisha kwa faida yao wenyewe, ilhali yamebeba amana za watu. Februari 2012 walipeleka serikalini barua ya kurasa 325, wakionyesha kifungu kwa kifungu mahali penye mianya. Kanuni ilipokamilishwa Desemba 2013, barua yao ilitajwa humo. Mawakili wa mabenki walikuwa wamezoea kuwa peke yao katika vyumba vile. Safari hii walimkuta mtu wa njiani ameketi, naye amesoma.

La tatu ni la kununua madeni. Mabenki yanapoona deni limekuwa gumu kulipika huliuza kwa bei ndogo sana, senti chache kwa kila dola, na mnunuzi humwandama mdeni kwa fedha kamili. Mwaka 2012 kundi lililotokana na maandamano lilichanga fedha, likaingia katika soko hilo, likanunua madeni, mengi yake ya matibabu. Kisha, badala ya kuwaandama wadeni, likawaandikia kuwa deni lao limefutwa. Kwa mchango wa kiasi cha dola 700,000 walifuta madeni ya karibu dola milioni 32. Mbele ya bahari ya madeni ya nchi ile hilo ni tone, lakini kwa aliyeandikiwa barua halikuwa tone.

Tuhame sasa twende Iceland, kisiwa cha baridi cha kaskazini, chenye watu kiasi cha 320,000 tu wakati ule. Mabenki yake makubwa matatu yaliporomoka katika juma moja la Oktoba 2008. Watu wakaanza kukutana kila Jumamosi katika uwanja ulio mbele ya Bunge, mjini Reykjavík. Hawakuwa na mahema. Walikwenda, wakasema, wakarudi majumbani, na Jumamosi iliyofuata wakaja tena. Madai yao yaliweza kuhesabika kwa vidole: serikali ijiuzulu, wakuu wa Benki Kuu waondoke, wasimamizi wa mabenki waondoke, na uchaguzi uitishwe. Tarehe 20 Januari 2009 Bunge liliporudi kutoka likizo, maelfu walilizunguka wakigonga sufuria na mikaango. Haukupita muda, tarehe 26, serikali ikaanguka. Wasimamizi wa mabenki waliondoka, wakuu wa Benki Kuu wakafuata mwezi wa Februari, na uchaguzi ukafanywa Aprili. Mwendesha mashtaka maalumu aliwekwa, na miaka iliyofuata wakuu kadhaa wa mabenki walifungwa. Kisha wananchi walipotakiwa kubeba deni la benki moja kwa wateja wake wa Uingereza na Uholanzi, walikataa kwa kura mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2011. Na Januari 2013 mahakama ya jumuiya yao ya biashara iliamua kwamba Iceland haikuvunja sheria.

Hatusemi kwamba huko yote yalitengenea. Chama kikuu cha serikali ile iliyoangushwa kilirejea madarakani mwaka 2013. Lakini mwenye kupima ataona tofauti ya sufuria za Reykjavík na ngoma za New York. Sauti zote mbili zilikuwa kubwa. Ile ya kwanza ilipigwa mlangoni mwa mwenye ufunguo, na walioipiga walijua wanataka nini. Serikali huogopa kura, na benki huogopa sheria na kuondolewa amana. Kelele isiyokuwa na kimojawapo cha hivyo nyuma yake huwa ni upepo.

Na jambo hili, ndugu zetu, si geni katika historia ya dini yetu. Kabla ya utume, Mtume wetu (s.a.w.) akiwa kijana, mtu mmoja wa kabila la Zubayd alitoka Yemen akaja Makka na bidhaa. Aliinunua al-As bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makureshi, akazuia malipo. Mgeni alikwenda kwa wakubwa wa mji kutaka msaada, wakamfukuza. Ndipo alipopanda mlima Abu Qubays asubuhi, Makureshi wamekaa kuizunguka Kaaba, akapiga ukelele akitangaza dhulma aliyofanyiwa.

Je, ukelele ule ulimrudishia mali yake? Haukumrudishia. Lakini ulimwinua al-Zubayr bin Abdulmuttalib, ammi yake Mtume. Akakusanya watu wa koo kadhaa katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kwamba hatadhulumiwa mtu Makka, awe mwenyeji au mgeni, ila watakuwa naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakatoka wote pamoja wakaenda kwa al-As, wakaitwaa bidhaa na kumpa mwenyewe. Mtume alihudhuria kiapo hicho, nacho huitwa Hilful Fudhul. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa kwa kiapo kama kile katika Uislamu, angeitika.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Ukelele una kazi yake, nayo ni kuwaamsha waliolala na kumpa moyo aliyedhani kuwa ameonewa peke yake. Haki hurudishwa na kiapo kinachofuata: watu wanaojuana, wanaokubaliana juu ya dai moja, wanaokwenda mpaka kwa mdhalimu mwenyewe au kwa mwenye kumhukumu, wala hawarudi mikono mitupu. Anayedharau ukelele amesahau kwamba bila yule mtu wa mlimani kiapo kisingalikuwapo. Na anayetosheka na ukelele angalimwacha maskini yule mlimani mpaka sauti imkauke.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki riba imekwisha kuingia mpaka katika simu ya mkononi. Kenya ilibidi itunge sheria mwaka 2021 ya kuwaweka wakopeshaji wa namna hiyo chini ya Benki Kuu, baada ya baadhi yao kuwaaibisha wadeni kwa jamaa na marafiki zao. Tanzania kina mama wameipa mikopo ya namna hii jina lake wenyewe, wakaiita kausha damu. Tusingoje mpaka watu waende njiani. Mtume alipotangaza katika Hija yake ya mwisho kwamba riba zote za kijahilia zimebatilika, alianza na riba ya Abbas, ammi yake mwenyewe. Alianza nyumbani.

Nasi tuanze nyumbani. Je, katika jamaa zetu yuko mtu tunayemdai naye hana kitu? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, kumpa muhula mpaka afarijike, na akatujulisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Je, zaka ya mtaa wetu huwafikia waliolemewa na madeni? Nao wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, miongoni mwa wanane wenye kustahiki. Wale vijana wa New York walichanga fedha kuwanunulia wenziwao madeni, ilhali sisi fungu hilo tumewekewa tangu zamani, na pengine hatulitumii. Je, yuko mama jirani anayekimbia mkopeshaji kila Ijumaa? Wakae watu watatu au wanne wa mtaa, waisome karatasi aliyoitia saini, wajue anadaiwa nini kwa haki na nini kwa dhulma, kisha wafuatane naye kwa mkopeshaji, na akikaidi, mpaka kwa wenye mamlaka. Aliye peke yake hufukuzwa mlangoni, na aliyefuatana na watu wanne hupewa kiti.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kula riba na kuliwa nayo, na atujaalie tuwe wenye kuitika anapoita mdhulumiwa. Amin.