Anga Halijajaa

Msomaji, ukiingia katika uwanja wowote mkubwa wa ndege huko Ulaya wakati wa likizo, utawakuta watu wameketi juu ya mizigo yao, watoto wamelala sakafuni, na ndege zimesimama nje zikiwa tayari. Ukimwuliza msafiri mmoja kwa nini hajaondoka, atakujibu kwamba ameambiwa anga limejaa. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata likadhaniwa kuwa kweli. Nia ya insha hii ni kulikanusha.

Kwanza tulipime jambo lenyewe. Ndege mbili zirukazo katika kimo kimoja, zikionekana kwa rada, kwa kawaida hutenganishwa kwa maili tano za baharini. Zikipita moja juu ya nyingine, futi 1,000 zatosha. Aliyelitazama anga lilivyo pana hawezi kusema kwamba nafasi kama hiyo imekwisha. Kinachokwisha ni kitu kingine. Anga limekatwa vipande, na kila kipande kina waongozaji wake, wanaotazama rada na kusema na marubani kwa redio. Mtu ana macho mawili na ulimi mmoja. Kwa hiyo idadi ya ndege awezazo kuzilinda kwa wakati mmoja ina kikomo. Idadi ikielekea kukipita kikomo hicho, ndege nyingine huamriwa kungoja chini.

Wapo wanaomlaumu mwongozaji kwa kungoja huko. Lawama hiyo si ya haki. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, zikiwa chini ya uongozi wa kituo cha Zürich. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto kutoka Urusi. Sababu za msiba zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ni hii: mtu mmoja aliachwa peke yake kuhudumia meza mbili, hali mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika. Wahenga walisema, kawia ufike. Mwongozaji akatazaye ndege isiruke kwa sababu mikono imejaa anastahili shukrani, si matusi.

Lakini kuna kukawia kwa usalama, na kuna kukawia kwa ukaidi. Hapa ndipo penye shauri langu. Mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944 uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Haki hiyo ni njema. Lakini Ulaya, yenye nchi nyingi ndogo zilizobanana, imeigeuza kuwa kuta. Ndege huvuka mipaka kadha kwa saa chache, na katika kila mpaka hukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na kila makabidhiano ni kazi. Dhoruba ikifunga njia ya nchi moja, ndege humiminika kwa jirani asiyejiandaa. Mwezi wa Februari 2022 vita vililifunga anga la Ukraine, na Urusi ikayafungia anga lake mashirika mengi ya ndege ya Ulaya. Anga halikupungua hata shibiri moja. Lilipunguzwa na watu.

Dawa ilijulikana zamani. Mwaka 1960 nchi sita zilitia sahihi mapatano ya Eurocontrol, ili anga la juu liongozwe kwa pamoja. Ulipofika wakati wa kutoa kilichoahidiwa, Uingereza na Ufaransa zilishikilia anga lao. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria za anga moja. Marekebisho ya sheria hizo yaliyopendekezwa mwaka 2013 yalipitishwa mwaka 2024. Ndege huivuka Ulaya kwa saa chache. Shauri la kuifungulia njia lilichukua miaka 11!

Watetezi wa kuta husema kwamba nchi isiyoongoza anga lake imeuza uhuru wake. Na waende Maastricht. Tangu mwaka 1972 kituo cha mji huo kimeongoza ndege katika anga la juu la nchi jirani, na leo kinahudumia Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Ni ipi kati yao iliyopoteza bendera yake? Tena watazame Januari 2002, nchi za Ulaya zilipokubaliana kupunguza nafasi kati ya ndege za juu kutoka futi 2,000 hadi 1,000. Kati ya futi 29,000 na 41,000 ngazi za kurukia zilikuwa saba; zikawa 13. Hakuna aliyelipanua anga. Vyombo sahihi vya kupimia kimo vilikuwapo. Kilichobaki kilikuwa mapatano.

Ni kweli kwamba nafasi yaweza kukosekana ardhini. Uwanja wa Nairobi, uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958, una njia moja tu ya kurukia na kutua, na ndege moja ikikwama hapo, nyingine zote husimama. Njia ya pili yahitaji saruji na fedha nyingi. Anga halihitaji saruji, lahitaji kuaminiana.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusiwacheke Wazungu. Hadi mwaka 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga, na shirika moja la ndege lililoanzishwa mwaka 1946. Tulivunja vyote viwili kwa ugomvi wetu. Mwaka 2007 tuliunda wakala wa pamoja wa usalama wa anga, wenye makao Entebbe. Huo ni mwanzo mwema, lakini mwanzo si mwisho. Kuongoza ndege kumebaki kazi ya kila nchi peke yake.

Ninyi msomao leo ndio mtakaokuwa marubani, waongozaji na wabunge wa kesho. Mkiambiwa kwamba anga limejaa, msikubali upesi. Ulizeni: limejaa ndege, au limejaa mipaka?