Tairi la Mtumba Lilinigharimu Kuliko Jipya

Aprili mwaka jana, saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha kwelikweli, nilikuwa Thika Road naelekea nyumbani Ruiru. Mama alikuwa kiti cha mbele, tunatoka kliniki yake ya presha. Tulipopita tu Githurai nikasikia mlio kama wa gunia kuanguka, na usukani ukavutwa kulia kuelekea ukuta wa katikati. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka. Sikukanyaga breki, na baadaye nikaambiwa hilo ndilo lililotuokoa, lakini ukweli ni kwamba niliganda tu. Gari likapunguza mwendo lenyewe, matatu iliyokuwa nyuma ikanipigia honi na kunikwepa, nikajikokota hadi kando ya barabara. Mama hakusema neno. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Spea nilikuwa nayo, lakini haikuwa na upepo. Kwa simu nilikuwa na shilingi 1,140. Nikampigia fundi, akaja na boda akiwa amepakata tairi la mtumba: 3,500 la tairi, 500 ya boda. Nikakopa kwa simu pale pale, nikiwa nimelowa, nikalipa bila hata kuliangalia. Siku hiyo lingekuwa limetengenezwa kwa ugali ningelinunua vilevile.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu hununua matairi kwa njia hiyo hiyo. Hatuchagui. Tunasubiri tairi litushinde, halafu tunanunua lolote lililo karibu kwa pesa yoyote iliyo kwa simu. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipo, zaidi ya kujua kampuni gani ni nzuri na gani ni mbaya.

Turudi nyuma kidogo. Gari langu ni Toyota Vitz ya 2009, nililomrithi dada yangu alipopata kubwa zaidi. Novemba iliyotangulia, matairi ya mbele yalikuwa kipara. Jipya la saizi yangu niliambiwa 6,800. La mtumba, 3,000. "Siste, hii ni ya Japani, itakusukuma mwaka mzima," muuzaji akaniambia, na mimi, msichana niliyesomea masoko miaka minne chuoni, nikauziwa kwa sentensi moja. Nikachukua mawili.

Lile la kulia lilidumu miezi sita. Sasa nipigie hesabu: 3,000 la kwanza, 3,500 la dharura, 500 ya boda. Hiyo ni 7,000 kwa gurudumu moja, bila ada ya mkopo. Lile jipya la 6,800 nililoliona ghali lilikuwa rahisi, na lingekuwa bado na miaka mbele yake.

Njia ninayotumia siku hizi ni kuuliza tairi linanigharimu ngapi kwa mwezi. Mimi huendesha kama kilomita 1,200 kwa mwezi, Ruiru hadi Upper Hill na kurudi. Tairi jipya la kawaida, upepo ukiwa sawa na magurudumu yakiwa yamenyooshwa, nalihesabia kilomita 40,000. Hiyo ni karibu miezi 33, yaani shilingi 206 kwa mwezi. La mtumba la 3,000 lililonitupa baada ya miezi sita lilinikula 500 kwa mwezi. Weka namba zako, huenda zikawa tofauti na zangu, lakini fanya hesabu kabla hujasimama mbele ya muuzaji.

Na sasa vitu ambavyo natamani ningejua ile Novemba.

Cha kwanza ni tarehe. Ukutani mwa tairi kuna herufi DOT zikifuatwa na kodi ndefu, na mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1422, tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya 2022. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hivyo ukiona kodi haina tarehe, geuza tairi uangalie upande wa pili. Raba huzeeka hata ikikaa stoo. Hukauka, ikawa ngumu, ikapasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi, na ikiwa ngumu haishiki lami iliyolowa hata kama ina meno mazuri. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6. Michelin wao wanasema likaguliwe kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linaonekana zima. Lile lililopasuka Githurai nililiangalia baadaye nyumbani. Lilisoma 2011. Wiki ya 20, mwaka wa 2011. Meno yalikuwa mengi, na ndiyo yaliyonidanganya.

Hata meno yenyewe yaangalie vizuri. Kuna matairi ya mtumba yanayochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto ili yaonekane na uhai. Matairi yaliyotengenezwa kuchongwa tena huwa yameandikwa hivyo, na ni ya malori na mabasi, si ya Vitz. La gari dogo likichongwa, kinachokatwa ni ule unene uliobaki juu ya nyuzi. Ingiza kidole ndani ya mfereji: tairi zima lina vijiti vidogo vya raba vilivyolala katikati ya mifereji, ndivyo vya kukuonyesha limefika milimita 1.6 na limekwisha. Usipoviona kabisa, au mfereji ukiwa na kingo kali zisizolingana, ondoka.

Saizi ni rahisi, lakini watu hubadilishiwa kila siku kwa sababu "hii pia inaingia". Yangu imeandikwa 165/70R14 81S. Yaani upana milimita 165, urefu wa ukuta ni asilimia 70 ya huo upana, rimu ni inchi 14. Ile 81 ni uzito, kilo 462 kwa kila tairi. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito ya gari lako, hasa kama wikendi unabeba watu watano na gunia la viazi kutoka Kinangop. Kuhusu herufi ya mwendo, usikubali kulipa zaidi kwa V eti ni ya nguvu. V ni ya kilomita 240 kwa saa. Kwenye foleni ya Pangani?

Kampuni je? Swali hili naulizwa sana, na jibu langu huwaudhi wapenda magari. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, naona afadhali tairi jipya la jina usilolijua sana, saizi sahihi na tarehe ya karibuni, kuliko la jina kubwa lililokwisha kuzeekea kwa mtu mwingine. Ukiweza kununua jina kubwa likiwa jipya, sawa kabisa, mara nyingi linashika maji vizuri zaidi. Lakini usinunue jina halafu ukasahau tarehe.

Najua utaniambia: siste, sina 27,200 ya matairi manne. Mimi pia sikuwa nayo. Nunua mawili, yawe jozi moja kwenye ekseli moja. Na hapa fundi wako atabishana: hayo mapya yawekwe nyuma, hata kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari hugoma tu kukata kona, na ukipunguza mwendo linarudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia unazunguka, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Yale ya zamani yatakayobaki mbele yawe bado mazima, lakini. Kama nayo ni kipara, hapo huna ujanja, ni manne.

Pesa yenyewe nimeipanga hivi. Nina akiba kwenye simu niliyoiita TAIRI, kwa herufi kubwa ili nione aibu kuigusa. Kila Jumatatu inakatwa shilingi 200 yenyewe, nauli ya boda mara mbili tu. Kwa miezi 33 hiyo ni kama 28,600: matairi manne na chenji ya kunyoosha magurudumu na kubalansi. Naelewa naandika haya kwenye ukurasa wa kampuni ambayo pia inakupa mkopo kwa simu. Mkopo ulinitoa barabarani siku ile na mama yangu akalala nyumbani, siusemi vibaya. Lakini uwe wa dharura ya kweli. Tairi linakuonyesha miezi mingi kabla kwamba linaisha, kwa hivyo ukililipia kwa mkopo unalipa ada ya kutokuangalia.

Ukifika dukani, Kirinyaga Road au popote unaponunulia, agiza matairi yaletwe, soma tarehe mwenyewe ukitumia tochi ya simu, halafu ndipo uzungumzie bei. Lipa kwa till ya duka, na kabla hujaweka PIN soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu badala ya duka ulilosimama ndani yake, uliza kwa nini. Ujumbe wa malipo usiufute, na risiti iandikwe saizi na zile tarakimu nne, kwa sababu tairi likivimba ubavu baada ya mwezi, ndizo utakazorudi nazo. Na yule wa mtandaoni anayetaka "deposit kidogo tu nikuwekee" kwa namba yake binafsi, mwambie utalipa ukishaona mzigo. Akiwa na matairi kweli atakungoja.

Jambo la mwisho ni upepo, maana unaweza kununua tairi zuri ukaliua kwa mwaka mmoja. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko. Magari yetu mengi ya kutoka Japani yameandika 220, na jamaa wa petroli anakuuliza "ngapi?" akisubiri 30 au 35. Ile 220 ni kilopaskali, ambayo ni karibu 32 kwa mashine yake. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, si baada ya kutoka Nairobi hadi Thika. Ni bure kwenye vituo vingi, na mimi hupima kila mwisho wa mwezi siku ninayojaza mafuta.

Niliweka mawili mapya Juni, mawili Desemba. Mama ameshapanda tena, ingawa mvua ikianza bado anashika mkoba. Wiki iliyopita nikakumbuka kuangalia spea, ile nyembamba ambayo haifai kuzidi kilomita 80 kwa saa na inataka upepo wa 60. Nimeijaza. Tarehe yake inasoma 3409, ni ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Kwa hivyo zile 200 za Jumatatu zinaendelea, na ya kwanza kununuliwa itakuwa hiyo.