Kukimbia Moto Si Kutoroka Kazi

Kiswahili kinatofautisha kukimbia na kutoroka. Unakimbia moto. Unatoroka deni. Sasa jaribu kumuuliza supavaiza wa duka hapa Kitale, au kule Bungoma, mfanyakazi aliyetoka mbio baada ya gesi kunuka amefanya nini. Atakwambia ametoroka kazi, na ndivyo barua itakavyoandikwa.

Baada ya kuacha chuo nilipanga unga kwenye rafu za duka moja, sitalitaja. Siku nyaya za dari zilipoanza kutoa moshi, jambo la kwanza soja alilofanya ni kushusha mlango wa chuma, watu wasitoke na mali. Simu zetu zilikuwa kwenye droo ya meneja. Moshi ukapungua, tukaendelea kuuza. Wenzetu wawili waliopitia mlango wa nyuma hawakuonekana tena kazini. Hakuna aliyewafuta. Kibarua hafutwi, haitwi tu.

Unadhani natia chumvi? Januari 28, 2009, duka la Nakumatt Downtown liliungua Nairobi. Zaidi ya watu 20 walikufa, na manusura wakasimulia kuwa milango ilifungwa ili watu wasiibe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria tunayo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinasema ukiona hatari kubwa, ripoti kwa msimamizi wako, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale hadi hatari iondolewe. Ukitoka kwa sababu za maana za kuamini maisha yako yamo hatarini, hufutwi, hubaguliwi, huadhibiwi. Umewahi kukiona kimebandikwa ukutani pa kazi? Mimi sijawahi. Ila kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, kinachoruhusu mtu afutwe papo hapo kwa kukosekana kazini, mabosi wanakijua kama sala. Wanaruka tu maneno yanayosema kukosekana huko kuwe bila ruhusa wala sababu nyingine halali. Kwani moto si sababu?

Hata mwenye barua ya ajira hayuko salama. Novemba 22, 2014, basi lilishambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Januari iliyofuata walimu wa kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini, wakapiga kambi kwenye ofisi za TSC Nairobi wakiomba uhamisho. Jibu likawa: rudini, la sivyo hatua za nidhamu. Hao ni watu wenye namba ya TSC na chama cha kuwatetea. Sasa fikiria anayepalilia mahindi ya mwenyewe huku Trans Nzoia, anayelipwa jioni.

Halafu kuna shimo ambalo kifungu cha 14 hakilizibi kabisa. Kinalinda anayekimbia hatari iliyo kazini. Kati ya 2006 na 2008, vita vya Mlima Elgon vilipofukuza watu Cheptais na Kopsiro, hatari haikuwa kazini, ilikuwa nyumbani. Mtu anayeuza duka Bungoma mjini na watoto wako juu mlimani angeomba likizo gani? Sheria ya Ajira ina likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi. Ya kuokoa watoto haimo.

Na isiwe tunaambiwa haiwezekani. California, tangu Januari 2023, mwajiri hawezi kumwadhibu mfanyakazi anayeondoka wakati wa dharura, hata kama amri ya kuhama imetolewa nyumbani kwake au shuleni kwa mtoto wake. Hawezi pia kumnyima simu yake. Wabunge wetu wa Bungoma na Trans Nzoia, ambao kila mvua kubwa huja na blanketi na wapiga picha, wangeweza kunakili hayo wiki hii. Waongeze na kibarua: asipoitwa tena baada ya kukimbia hatari, mwajiri ndiye aeleze kwa nini.

Kwa sasa, ukitoka, ukishafika nje tu mtumie supavaiza meseji: saa ngapi, umeona nini, mbona umetoka. Usiifute. Mahakama ya Ajira ina kituo Bungoma, na una miaka 3 ya kufungua kesi. Kama simu bado iko kwenye droo ya meneja, azima ya mtu wa boda.